Msokoto wa Inchi Saba

1

Risasi ya kwanza ya chanjo iliingia kwenye ubao ikiwa imelala ubavu.

Nilijua itakuwa hivyo. Nilimwambia Akeno tangu asubuhi, tukiwa bado tunakunywa chai, kwamba bunduki za bonde letu hazitaki risasi ndefu namna ile. Lakini binti yangu ni daktari wa mifugo, haamini kitu mpaka akione, na sijui tabia hiyo ameirithi kwa nani kama si kwangu. Basi tukatoka nyuma ya karakana, nikaifunga bunduki kwenye vibano, nikafyatua, tukatembea hadi kwenye ubao. Tundu halikuwa la duara. Lilikuwa refu, kama vile mtu amepachika kidole kwa kukilaza.

"Tena," Akeno akasema.

Nikafyatua tena. Hiyo ya pili hata ubao haikuugusa. Tuliisikia ikilalamika hewani, vuu-vuu-vuu, ikapotelea kwenye michongoma, na mbuzi wa jirani wakatoka mbio kila mmoja na njia yake.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

"Ni msokoto," akasema, akiwa bado anauchungulia ubao. "Ni kama zile pia za mbao nilizokuwa nachezea hapa karakanani. Ile fupi nilikuwa naipa mjeledi mmoja tu inasimama. Ile ndefu uliyonichongea, nisipoichapa kwelikweli, inalewa na kuanguka."

"Eeh. Sasa risasi yako ni ile pia ndefu."

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka, nayo ndiyo inayoizungusha risasi ili iruke pua mbele. Mitutu yetu yote inaizungusha mara moja katika inchi kumi na nne. Kwa risasi fupi na nyepesi, ya kufukuzia fisi, hiyo yatosha. Risasi ya Akeno ilikuwa na tumbo la dawa, na kwa kuwa upana wa mtutu ni uleule, uzito wote wa dawa ulienda kwenye urefu. Risasi ndefu ikizungushwa polepole inayumba, halafu inapinduka. Ile ilitaka mzunguko mmoja kwa kila inchi saba.

"Inchi saba," nikasema.

Inchi saba ndio uliokuwa msokoto wa vita. Kwa msokoto huo watu wa Juu, wale wa milimani, walitupiga sisi wa Chini kutoka mbali tusikoweza hata kuwaona, na sisi tukawapiga vilevile. Amani ilipokuja hakuna aliyekubali kusalimisha bunduki. Nani akubali kuwa wa kwanza? Basi wapatanishi wakaacha bunduki, wakabadilisha chuma. Kila mtutu wa bonde la Ng'ole ukang'olewa, ukawekwa wa chuma sikivu. Chuma hicho kinasikia amri moja tu, ya kukaza au kulegeza msokoto wake, na amri hiyo inatolewa na viganja viwili vikiwekwa pamoja, kimoja cha Juu na kimoja cha Chini. Msokoto ukalegezwa. Zile risasi nzito za kuulia watu mbali zikawa hazina kazi, zinapinduka kama hii ya Akeno. Tangu hapo, ukitaka kumuua mtu kwa bunduki za kwetu lazima umsogelee mpaka umwone macho, na wengi wakifika hapo huishia kusalimiana.

Kiganja cha Chini ni changu mimi, Arupe, fundi wa mitutu na mjane wa vita hivyo. Kiganja cha Juu ni cha Mama Lomada. Tulichaguliwa kwa sababu kila mmoja wetu alizika mtu wake.

"Mama," Akeno akasema, na sauti yake ikanifanya niache kufungua vibano. "Nimekuta mizoga mitatu chini ya chemchemi. Ni sotoka mpya, ile tauni ya ng'ombe, si kitu kingine. Nyati ndio wanaoibeba. Nikiwachanja nyati wachache tu, chanjo itasambaa kwa pumzi zao, itafika kwa wenzao na kwa ng'ombe wote wanaokunywa pale, wetu na wa Juu. Kwa ng'ombe haisambai, inafia mwilini. Lazima nyati. Na mvua ikinyesha watatawanyika, sitawapata tena."

"Tumia droni."

"Wakisikia mvumo wanakimbia, wameshazichoka. Wakinusa mtu wanakimbia. Ni kutoka kule juu kwenye ukingo wa mawe, kwa bunduki, basi." Akapunguza sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Unayo mashine. Chukua chuma cha kawaida, kisichohitaji kiganja cha mtu. Chonga mtutu mmoja wa inchi saba. Nikimaliza nautia moto mwenyewe."

"Na nani atafyatua?"

Alikuwa akitegemea nisimuulize hilo. "Mjomba Ekal. Hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kupiga mbali namna ile."

"Na unajua Ekal alimpiga nani."

"Bonde zima linajua, Mama."

Nilimfukuza akapumzike. Kisha nikafanya alichoniomba, na nisiseme uongo, nilikifanya kwa moyo wote. Nilichagua kipande kizuri cha chuma, nikakifunga kwenye mashine, nikatoboa tundu lake la katikati, nikapanga gurudumu la msokoto kwenye saba. Niliwaza ng'ombe wangu. Niliwaza Akeno, aliyekulia kwenye njaa ya vita na sasa anataka kutuepusha na nyingine. Mkono ulikuwa tayari kwenye swichi.

Kila mwezi mwandamo Mama Lomada hushuka kupima mitutu yetu, nami hupanda kupima ya kwao. Ndivyo ilivyoapwa, aliyefiwa wa upande huu apime bunduki za upande ule. Anachukua ufito wake, anaufunga kitambaa kwenye ncha, anausukuma ndani ya mtutu, anauvuta polepole akihesabu unavyozunguka. Halafu anakuja kunywa chai kwangu na kunisema kwamba naiwekea sukari kama wageni wa arusi. Miaka kumi na mmoja. Nilijiona nikimpa kikombe huku nikijua kilichokuwa kwenye mashine yangu, na nikaona aibu hadi masikioni. Nikakifungua kile chuma, nikakitupa chini ya meza, nikaenda kutafuta viatu vya kupandia mlima. Nilikuwa na hasira na Akeno, na nyati, na Ekal, na Mungu pia kidogo.

2

Nilimkuta Mama Lomada anakamua.

"Shika ndama," akasema, bila salamu.

Nikashika ndama. Alikuwa na nguvu, akanikanyaga mguu, na Mama Lomada akacheka peke yake chini ya tumbo la ng'ombe.

"Umenenepa, Mama Akeno. Zamani ulikuwa unaruka."

"Zamani nilikuwa nawakimbia nyinyi."

Akacheka tena. Nilitamani tubaki hapo hapo. Pembeni ya zizi kulikuwa na mtamba mweupe amelala, makamasi yanamtoka, naye Mama Lomada alikuwa amemfunika gunia mgongoni kama mtoto mwenye homa. Nikajua sihitaji kumweleza habari za ugonjwa. Nikamweleza yaliyobaki: chanjo, nyati, urefu wa risasi, msokoto. Nilipotaja inchi saba mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Nani atafyatua?"

"Ekal."

"Huyo ni nani?"

Alijua vizuri sana. Nikamjibu hata hivyo: "Ni ndugu yangu. Ndiye aliyemuua Lomada."

"Haya. Nilitaka niisikie kinywani mwako." Akaendelea kukamua mpaka chuchu zikakauka. Kisha akaniangalia. "Wewe una mashine. Ungeweza kuchonga kimyakimya, nisijue mpaka naingia kaburini."

"Ningeweza. Nilianza hata."

"Ikawaje?"

"Nikaona nitakukosea."

"Na sasa hivi, kunijia zizini na jina hilo, hujanikosea?"

"Nimekukosea," nikasema. "Lakini nimekukosea mbele ya macho yako. Unaweza kunifukuza."

Alinyanyuka, akachukua kibuyu chake cha maziwa, akaingia ndani. Alikaa huko muda mrefu. Ndama akachoka kunisukuma, akaanza kuninyonya kidole. Nilisikia sanduku likifunguliwa ndani, na nikasikia kilio kidogo, kile cha mtu anayejiziba mdomo kwa nguo. Nilitaka kuingia, nikaona hapana, hicho ni chake.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu na mkoba wa ngozi ulikuwa begani.

"Sikiliza," akasema. "Kitanda cha bunduki kitapandishwa mpaka kwenye mawe. Mtutu utakazwa pale, nikiona, na utalegezwa palepale kabla hatujashuka. Risasi zote zitakaa kwenye mkoba wangu. Nitampa moja moja, kwa mkono wangu. Na huyo ndugu yako asinisalimie."

"Nitamwambia."

"Sifanyi kwa ajili yenu, uelewe. Nafanya kwa ajili ya huyu." Akamwonyesha mtamba kwa kidevu.

"Nimeelewa."

"Wala hujaelewa," akasema. "Lete mguu nikutazame hapo alipokukanyaga."

3

Kitanda tunakiita hivyo kwa sababu bunduki hulazwa ndani yake. Ni sanduku refu lenye mabamba mawili ya viganja, moja kila upande, na ni zito kama dhambi. Punda wa Akeno alikibeba mpaka katikati ya mlima akagoma, na tulipofika kwenye ukingo wa mawe sote wanne tulikuwa tumeloa jasho. Chini yetu, mbali, chemchemi ya Ng'ole iling'aa kati ya matete. Nyati walikuwa wameshaanza kushuka kunywa.

Ekal alikaa mbali na sisi. Ndugu yangu amekuwa mtu mkimya tangu vita. Anafuga nyuki, anauza asali, hakuoa. Aliitikia kila nililomwambia kwa kichwa. Mama Lomada hakumtazama hata mara moja.

Nikailaza bunduki. Nikaweka kiganja changu, Mama Lomada akaweka chake. Chuma kikanguruma taratibu kama paka aliyeshiba, kisha kikanyamaza. Akatoa ufito wake, akaufunga kitambaa, akausukuma ndani ya mtutu, akauvuta. Mara zote hizi nimemwona akifanya hivyo, na ufito huzunguka kivivu. Safari hii ulijipindua vidoleni mwake kama nyoka. Akauachia.

"Unakwenda kasi hivi?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kumbe." Akaufuta ule ufito kwa kitambaa, akakaa chini karibu na Ekal, karibu kiasi cha kumshika bega.

Risasi ya kwanza ilikuwa ya majaribio, kwenye kichuguu cha mteremko wa ng'ambo. Mama Lomada alitia mkono mkobani, akampa bila kumwangalia. Ekal akaipakia. Akaweka jicho kwenye darubini, na nikaona mikono yake inatetemeka mpaka mtutu unagongana na jiwe, ka-ka-ka. Akajaribu kuvuta pumzi. Akainua kichwa.

"Dada, siwezi," akaniambia. "Siwezi akiwa hapa."

Kabla sijajibu, Mama Lomada akasema, macho yake kule ng'ambo, "Siku ile uliweza."

Akeno alinishika mkono wa gauni.

"Siku ile sikumwona uso," Ekal akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwona shati. Shati la bluu."

"Nilimshonea mimi lile shati," Mama Lomada akasema. Halafu, kwa sauti ile ile anayonisemea habari za sukari, "Piga. Ng'ombe wangu anakufa."

Ekal akapiga. Vumbi lilitoka katikati kabisa ya kichuguu.

Baada ya hapo sikusikia neno lolote isipokuwa Akeno, akiwa na darubini yake, akimwelekeza: yule jike mkubwa, yule mwenye pembe iliyovunjika, yule wa nyuma. Risasi za chanjo zina mbawa ndogo zinazofunguka zikikaribia kufika, zinapunguza kasi, sindano inaingia kwenye ngozi na basi. Nyati alikuwa anashtuka, anapiga mkia kama ameumwa na mbung'o, anarudi kunywa. Mkono wa Mama Lomada uliingia mkobani, ukatoka, ukaingia, ukatoka. Nilianza kufurahi. Akeno alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni nitachinja mbuzi gani.

"Imetosha," Akeno akasema mwisho. "Hao wanatosha. Watawapa wenzao. Ahsante, Mjomba. Mama Lomada, ahsante sana."

Mama Lomada akaichukua bunduki mikononi mwa Ekal. Hakutumia nguvu, Ekal aliiachia tu. Akaingiza mkono mkobani mara nyingine, na alichotoa hakikuwa cha chanjo. Ilikuwa risasi ya zamani, nzito, ganda lake limeshika kutu ya kijani.

Bunduki zetu na zao zilinunuliwa kwa wachuuzi walewale, risasi zinaingiliana. Kwa miaka yote hiyo hapakuwa na mtutu bonde zima ambao ungeweza kuipeleka risasi ile panapotakiwa. Sasa ulikuwepo mmoja, na ulikuwa magotini mwake, na mimi ndiye niliyeukaza.

"Mama Lomada," nikasema. "Tafadhali."

"Walipomleta mwanangu," akasema, na alikuwa anazungumza na Ekal sasa, anamtazama kwa mara ya kwanza, "bunduki yake ilikuwa na risasi. Hii hapa. Hakuwahi kuifyatua. Alikuwa amemwekea mtu. Nadhani alikuwa amekuwekea wewe."

Ekal hakukimbia. Alisogea, akapiga magoti mbele yake, akaweka mikono mapajani. "Nami nadhani hivyo," akasema.

"Mjomba!" Akeno akapiga kelele. Nilimshika. Sijui kwa nini nilimshika yeye badala ya kuishika bunduki. Labda kwa sababu niliapa kwamba kwenye kitanda kile viganja ni viwili, na changu peke yake hakina amri, hata kwa ndugu yangu wa tumbo moja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa vitani.

Mama Lomada aliigeuzageuza risasi mkononi. Akaisugua kwa kidole gumba mpaka shaba ikaonekana. Midomo yake ilikuwa inacheza, labda anasali, labda anazungumza na mtoto wake.

"Arupe," akasema. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina langu. "Njoo uweke kiganja."

"Nini?"

"Una matatizo ya masikio? Weka kiganja. Tulegeze mtutu."

Nilikimbia, nusura nijikwae. Tukailaza bunduki, tukaweka viganja, chuma kikanguruma. Kiganja chake kilipotoka kwenye bamba kiliacha alama ya jasho, na changu pia. Akatia ufito, akauvuta, ukazunguka kivivu, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo akaichukua ile risasi ya Lomada, akaipakia.

"Nionyeshe," akamwambia Ekal. "Inashikwaje?"

Ekal akamwonyesha, akiwa pembeni yake, kitako begani, shavu hapa, jicho hapa. Vidole vyake havikumgusa. Mama Lomada akaelekeza kwenye kile kichuguu cha ng'ambo, akafumba macho yote mawili, akavuta.

Akaanguka chali. Risasi ikalia angani, vuu-vuu-vuu, ikipinduka, ikapinduka, na vumbi likaruka upande wa kushoto, mbali mno na kichuguu, kwenye miiba isiyo na mtu wala mnyama.

"Imekwenda wapi?" akauliza, bado amelala, kofia ya shanga imemfunika jicho.

"Imekosa," Ekal akasema.

"Imekosa sana?"

"Sana, Mama. Ingempita mtu hata asiisikie."

"Ungekuwa wewe pale kwenye kichuguu?"

"Ningekuwa hai."

Alilala akiangalia mawingu. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni na hakuyapangusa. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na Akeno vilevile.

"Basi mwanangu hajaua mtu," akasema. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa yote. Halafu akanyoosha mkono juu. "Ekal. Niinue."

Ekal aliitazama mikono yake kwanza, kisha akampa yote miwili.